Dozi isikatike: mwongozo kamili wa tiba ya uraibu kwa aliye lokapu au mahabusu Tanga

Kila mara kinachoshindikana ni kilekile. Mtu anakunywa methadoni, dawa ya maji ya kutibu uraibu wa heroini, hospitali ya Bombo kila asubuhi, anakamatwa Ijumaa jioni, na hadi zahanati ya gereza ijue kwamba alikuwa kwenye tiba, siku sita zimeshapita. Hapo hufanyika moja kati ya makosa mawili. Ama anarudishiwa dozi yake ya zamani yote kwa mkupuo, ama anaambiwa arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea) imeshapita, avumilie tu. La kwanza linaweza kumuua usiku uleule. La pili linaweza kumuua wiki ile anayotoka.

Mwongozo huu ni wa wote wanaopokezana mtu huyo: muuguzi wa kliniki ya methadoni, mhudumu wa zahanati ya gereza, mwelimishaji rika anayezunguka maskani (vijiwe vya watumiaji), na mama au kaka anayekwenda kituoni na chakula. Ndugu wa mgonjwa, hatua ya 1, ya 2 na ya mwisho ni zenu hasa. Vipimo vya dozi ni vya mtaalamu aliyefunzwa na mwenye idhini. Methadoni haigawiwi nyumbani, wala haiingizwi gerezani ndani ya chupa ya uji.

Swali linalotangulia yote ni hili: alimeza lini mara ya mwisho, na nani alimwona akimeza? Dozi ya mtu aliye kizuizini hutokana na jibu la swali hilo kuliko kitu kingine chochote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

Ndugu au mwelimishaji rika awe na:

- kadi ya kliniki, au picha yake kwenye simu (pande zote mbili);
- namba ya simu ya kliniki, imeandikwa pia kwenye karatasi kwa sababu simu huzimika;
- dawa nyingine anazomeza, hasa za TB na ARV, zikiwa kwenye makopo yake yenye lebo.

Zahanati ya gereza iwe na:

- fomu ya kupima makali ya arosto, ile ya vipengele 11;
- saa yenye mkono wa sekunde, mashine ya presha na tochi ndogo ya kuangalia mboni;
- vipimo vya mkojo vya morfini;
- kabati la chuma lenye kufuli mbili, funguo zikikaa kwa watu wawili tofauti;
- daftari la dawa lenye kurasa zenye namba, salio likiandikwa kila dozi inapotoka;
- bomba la sindano la ml 10 au 20 lisilo na sindano, kwa ajili ya kupima dawa ya maji;
- naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni), na mfuko wa kupulizia pumzi wenye barakoa;
- ORS, parasetamoli, dawa ya kuzuia kuharisha na ya kuzuia kutapika;
- diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) na thiamini (vitamini B1) kwa wanywaji wa pombe.

Kliniki nayo iwe na ridhaa iliyosainiwa mapema. Siku mteja anapoandikishwa, aulizwe: ukikamatwa, tumpigie nani, na unaturuhusu kuwaambia zahanati ya gereza dozi yako? Sahihi hiyo ikikosekana, muuguzi anayepigiwa simu Jumamosi atasita kumtajia mtu asiyemjua siri ya mgonjwa, na atakuwa na haki ya kusita. Karatasi moja ya dakika tano huokoa siku tatu.

## Hatua ya 1: Kituoni, saa 24 za kwanza

Arosto ya heroini huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na makali yake hupungua ndani ya siku 5 hadi 10. Aliyekuwa kwenye methadoni huchelewa kidogo: siku ya kwanza anaonekana mzima, ya pili anaanza kupiga miayo na kutoka jasho, ya tatu anagaragara. Utulivu wa siku ya kwanza ndio unaowafanya watu wafikiri hakuna haraka.

Nenda kituoni siku hiyohiyo, iwe Chumbageni au kituo kidogo cha mtaani. Usianze na kesi. Ukianza kwa kulalamika kwamba ndugu yako ameonewa, mlango unafungwa kabla hujasema neno dawa. Sema hivi, kwa utulivu:

«Afande, habari za kazi. Sijaja kuhusu kesi, nimekuja kuhusu dawa. Mdogo wangu anakunywa dawa ya hospitali kila asubuhi pale Bombo, kadi yake hii hapa. Akikosa ataanza kutapika na kuharisha humo ndani. Naomba utaratibu wa kumpeleka akanywe chini ya ulinzi, au nimpigie muuguzi uongee naye mwenyewe.»

Kisha mpigie muuguzi hapohapo na umkabidhi afande simu. Askari akisikia hospitali ikimthibitishia, unakuwa umemwondolea woga wa kudanganywa.

Omba mambo mawili tu: apelekwe kliniki asubuhi akiwa chini ya ulinzi, na taarifa ya ugonjwa iandikwe kwenye kitabu cha kituo. La pili ni muhimu kama la kwanza. Kilichoandikwa huonwa hata na askari wa zamu inayofuata, na kinaweza kuambatana naye hadi mahakamani. Kliniki ya methadoni hutoa dawa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa hiyo wikiendi isiwe sababu ya kungoja.

Onyo: usimtafutie kete ya kumtuliza. Ni kosa la jinai, na akilala lokapu baada ya kuvuta hakuna wa kumwangalia pumzi.

## Hatua ya 2: Thibitisha dozi ya mwisho

Mtu amefika gereza la Maweni, ameandikishwa, anasema: mimi nakunywa 90. Huenda ni kweli. Huenda alikuwa 90 miezi miwili iliyopita. Huenda anaogopa atapunjwa, akaongeza. Usimwite mwongo, na usimpe 90.

Piga simu kliniki na uulize maswali haya manne, ukiandika majibu pamoja na jina la aliyekujibu, tarehe na saa:

1. Dozi yake ya sasa ni mg ngapi? (Mg, si ml. Tutarudi hapa.)
2. Tarehe ya mwisho aliyoonekana akimeza ni ipi?
3. Wiki mbili zilizopita alikosa siku zipi?
4. Anameza dawa gani nyingine, na ana TB, VVU, homa ya ini au kifafa?

Kadi pekee haitoshi. Inaonyesha dozi aliyopangiwa, lakini mtu anaweza kuwa na kadi safi na hajaonekana dirishani wiki nzima.

Ukishapata tarehe, hesabu siku alizokosa:

- Siku 1 au 2: endelea na dozi ileile, kama hajalewa wala hasinzii.
- Siku 3 au 4: nusu ya dozi, kisha ipandishwe taratibu kwa maelekezo ya daktari wa kliniki.
- Siku 5 au zaidi: anaanza upya kama mgonjwa mpya, hatua ya 5.
- Tarehe haijulikani: anaanza upya.

Mwili hupoteza uzoefu wa dawa haraka kuliko mgonjwa anavyodhani. Mg 90 iliyokuwa ikimfanya aende kazini bandarini inaweza, baada ya wiki moja ya kukosa, kumzimisha pumzi. Mgonjwa mwenyewe ndiye atakayekushinikiza zaidi umpe yote. Mweleze kwa maneno hayahaya, mwahidi siku ya kuongezwa, na uitimize.

## Hatua ya 3: Pombe na vidonge vya usingizi kwanza

Hapa ndipo watu hufa wakidhaniwa wana arosto ya unga (heroini). Mtu mzima anayeacha heroini ghafla huteseka, ila akipata maji ya kutosha kwa kawaida haimuui. Anayeacha pombe ghafla, awe alikuwa anakunywa gongo, mnazi au bia, anaweza kufa ndani ya siku tatu. Vivyo hivyo aliyezoea kumeza diazepamu kila siku kwa wingi.

Muulize kila anayeingia: unakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, na umewahi kuanguka kifafa ulipoacha? Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, homa na jasho jingi huja siku ya pili au ya tatu. Huyo wa mwisho ni wa kupelekwa Bombo hapohapo, asisubiri asubuhi.

Mwanzoni daktari humpa diazepamu, kwa kawaida mg 10 hadi 20 kwa mdomo, akirudia kulingana na dalili na kupunguza siku hadi siku. Thiamini mg 100 itangulie dripu yoyote ya glukosi. Ubongo wa mnywaji aliyeishiwa thiamini hudhurika sukari ikitangulia.

Mwenye uraibu wa vyote viwili, pombe na unga, hapewi diazepamu na methadoni pamoja bila daktari. Zote mbili hupunguza pumzi.

## Hatua ya 4: Pima arosto kwa macho, usiulize tu

Kuna wanaoigiza ili wapate dawa, na kuna wanaoficha kwa sababu wanaogopa kuitwa mateja mbele ya wenzao. Fomu ya vipengele 11 inakuokoa na wote wawili. Haiwezekani kuigiza mboni iliyopanuka wala vinyweleo vilivyosimama.

Mkalishe dakika tano kabla ya kuhesabu mapigo ya moyo. Angalia jasho kwenye paji la uso (kwa joto la Tanga, linganisha na wewe mwenyewe uliyekaa chumba hichohicho). Angalia kutotulia, mboni, maumivu ya viungo, makamasi na machozi, tumbo, kutetemeka kwa mikono iliyonyooshwa, miayo, wasiwasi. Mwisho, pitisha mkono juu ya ngozi ya kigasha chake. Ukihisi vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, arosto ni ya kweli na imekolea.

Jumla ya 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ya kati, 25 hadi 36 nzito, na zaidi ya 36 ni kali sana. Andika na saa uliyopima. Alama bila saa haina maana, kwani ya saa 2 asubuhi na ya saa 8 mchana ni hali mbili tofauti.

Kipimo cha mkojo husaidia, ila kielewe. Heroini huonekana kwenye kipimo cha morfini kwa siku 1 hadi 3 hivi, na methadoni haionekani kwenye kipimo hicho kabisa. Mkojo usio na morfini haumaanishi mtu hana uraibu. Huenda amekaa lokapu siku nne.

### Kama hakuna methadoni leo

Usimwache bila kitu ukingoja kibali. Mpe maji lita 2 hadi 3 kwa siku, pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi, yote iishe ndani ya saa 24. Parasetamoli g 1 kila baada ya saa 6, isizidi g 4 kwa siku. Loperamaidi mg 4, kisha mg 2 kila baada ya choo cha maji, isizidi mg 16 kwa siku. Metoklopramidi mg 10 kwa kutapika. Pima presha asubuhi na jioni.

Waliokufa kwa arosto kwenye mahabusu mbalimbali duniani wamekufa zaidi kwa kuishiwa maji, wakitapika na kuharisha siku nyingi huku wakiambiwa wanajifanya. Ngozi ya tumbo ikifinywa na kubaki imesimama, au mkojo ukiwa haujatoka nusu siku, huyo anahitaji dripu.

Mjamzito ni habari nyingine. Asiachwe apite arosto hata siku moja, kwa sababu inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Apelekwe kliniki siku hiyohiyo. Methadoni inamfaa katika ujauzito wote na wakati wa kunyonyesha.

## Hatua ya 5: Dozi ya kwanza kwa anayeanza au anayeanza upya

Toa asubuhi, saa 2 ikiwezekana. Methadoni hufika kileleni saa 2 hadi 4 baada ya kumezwa, na gerezani watu hufungiwa selo mapema jioni. Ukitoa saa 10 jioni, kilele kitamkuta ndani ya selo iliyofungwa ambapo hakuna muuguzi.

Kabla ya kumimina: yuko macho? Anaongea bila kukokota maneno? Pumzi zake ni 12 au zaidi kwa dakika? Hanuki pombe? Mboni si kama ncha ya sindano? Moja likikataa, subiri.

Dozi ya kwanza ni mg 10 hadi 30. Mwenye arosto ya wazi na matumizi ya kila siku hadi juzi, 20 inatosha kwa wengi. Ambaye amekosa siku kadhaa lokapu, 10 hadi 15. Ambaye amekaa wiki nyingi bila chochote na anaanzishwa kwa ajili ya usalama wake atakapotoka, daktari huanza na mg 5 hadi 10 na kupanda polepole mno. Kwa mahabusu tunashauri jumla ya siku ya kwanza isivuke 30, hata pale ambapo hospitalini wangeongeza. Hospitali ina zamu ya usiku.

Mpime tena baada ya saa 3 au 4. Kisha mwache kwenye dozi hiyo. Ongezeko ni mg 5 hadi 10 kila baada ya siku 3 hadi 5, si kila siku, na sababu yake ni hesabu rahisi. Tuseme nusu ya dozi hubaki mwilini baada ya siku moja. Anayepewa 30 kila siku anakuwa na 30 siku ya kwanza, 45 ya pili, zaidi ya 52 ya tatu, karibu 58 ya tano. Dozi haijabadilika, lakini mwilini imekaribia mara mbili. Ndiyo maana vifo vya mwanzo wa tiba huja siku ya tatu au ya nne, wakati kila mtu ameshatulia.

Wengi hukaa vizuri kati ya mg 60 na 120. Dozi ndogo ya kudumu ya 30, inayotolewa kwa nia njema ili mtu asizoee, huacha tamaa ya unga palepale, naye ataununua ndani ukipatikana.

### Wafundishe wenzake wa selo

Nyapara na wawili wanaolala karibu naye wajue haya kwa moyo: mtu aliyezidiwa na dawa hukoroma kwa sauti nzito ya kugugumia ambayo si mkoromo wake wa kawaida, midomo hubadilika rangi, na akiitwa jina na kusuguliwa kifua kwa ngumi haamki. Wasiseme amelala vizuri leo, aachwe. Wamlaze ubavu, waite askari kwa kelele, na kama pumzi imekata wampulizie mdomoni.

Mhudumu atoe naloksoni mg 0.4 hadi 2 kwenye msuli, arudie baada ya dakika 2 hadi 3 kama pumzi haijarudi. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa 1 au 1 na nusu, methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Aliyezinduka anaweza kuzimika tena. Apelekwe hospitali, hata kama amekaa anaomba chai.

## Hatua ya 6: Kunywesha kila siku

Kosa kubwa hapa ni la mg na ml. Methadoni ya maji huja kwa nguvu tofauti: mg 1, mg 5 au mg 10 kwa kila ml. Mg 60 ni ml 60 ya ile ya kwanza, ml 12 ya pili, ml 6 ya tatu. Kabla ya kufungua chupa mpya, watu wawili wasome lebo kwa sauti. Andika kila dozi kwa mg, kisha ml pembeni.

Utaratibu wa dirishani ni huu. Mtu mmoja mmoja. Jina, namba ya gereza na picha vilingane (majina ya Juma Hamisi yanaweza kuwa matatu kwenye orodha moja). Mwangalie usoni kabla ya kumimina. Changanya na maji au juisi ifike ml 50 hivi, anywe mbele yako, anywe maji mengine juu yake, kisha akwambie sentensi nzima: leo ni siku gani, umelalaje. Mdomo ulioficha dawa hauwezi kusema sentensi. Akae mbele yako dakika 15 kabla ya kurudi selo.

Ulinzi huu si wa kumdhalilisha. Akilazimishwa na wababe wa selo kutema dozi ndani ya kikopo, sentensi hiyo inamkinga yeye, na inamkinga yule ambaye angeinywa bila mwili wake kuizoea.

Akitapika, usirudishie kwa uamuzi wako. Andika dakika zilizopita tangu ameze na kama uliona mwenyewe, piga simu kwa daktari. Kutapika baada ya saa 1 hakuhitaji nyongeza.

Ikiwa dawa inatoka kliniki kwenda gerezani kila siku, iende kwenye chupa ndogo zilizofungwa lakiri, moja kwa kila mtu, zenye jina, namba, mg, ml na tarehe, ndani ya sanduku lenye kufuli, na watu wawili ndani ya gari. Bodaboda haifai. Fomu isainiwe wakati wa kutoka, wa kufika na wa kurudisha chupa tupu. Sanduku lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Iliyomwagika iandikwe siku hiyohiyo kwa sahihi mbili. Salio lisilolingana kwa ml 3 leo litakuwa kesi ya mtumishi mwezi ujao.

Ramadhani huleta swali kila mwaka. Dozi ya alfajiri kabla ya kufunga, au baada ya futari, inawezekana kwa aliye nje. Ndani ni vigumu kwa sababu milango imefungwa saa hizo. Zungumzeni mapema, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, pamoja na mkuu wa gereza na shehe anayefika kuwaswalisha. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, lakini akiisikia kwa shehe itamtuliza kuliko akiisikia kwa muuguzi. Anayekataa dozi kimyakimya kwa siku 4 na kuidai yote siku ya 5 anarudi hatua ya 2.

## Hatua ya 7: Siku ya mahakama

Karandinga huondoka asubuhi na mapema, mara nyingi kabla zahanati haijafunguliwa. Anayekwenda mahakamani hukosa dozi, hurudi jioni akiwa hoi, na akipangiwa tarehe kila baada ya siku 14 mapengo yanajirudia.

Kila jioni chukua orodha ya wanaokwenda mahakamani kesho na uilinganishe na daftari lako. Hao wanyweshwe kwanza, kabla ya kupanda gari.

Hatari kubwa zaidi ni kuachiwa hukohuko. Dhamana imekubaliwa, au kesi imefutwa, mtu anatoka mlango wa mahakama moja kwa moja hadi mtaani Ngamiani. Hakuna aliyemuaga, hakuna aliyempa karatasi. Kwa hiyo kila anayepanda karandinga awe na barua yake mfukoni, iliyoandikwa upya asubuhi hiyo: dozi, tarehe na saa ya kumeza mara ya mwisho, sahihi, mhuri na namba ya zahanati. Akirudi, inachanwa. Asiporudi, kesho saa 1 asubuhi anaweza kusimama dirishani Bombo na kupewa dozi yake bila kuulizwa maswali ya siku nzima.

## Hatua ya 8: TB, ARV na dawa zinazogongana

Rifampisini ya TB huharakisha ini kuivunja methadoni. Ndani ya wiki moja hadi mbili mgonjwa aliyekuwa sawa kwa mg 80 ataanza arosto alfajiri, na watu watasema ananunua unga. Ongeza dozi kwa hatua. Matibabu ya TB yakiisha, ishushe taratibu katika wiki zinazofuata, la sivyo methadoni itapanda mwilini bila mtu kugusa chupa. Efavirenzi na nevirapini, ambazo ni ARV, hufanya hivyohivyo, na karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni za kifafa pia. Dolutegraviri, ARV nyingine, haigongani na methadoni, lakini anayeimeza pamoja na rifampisini huhitaji mg 50 mara mbili kwa siku. Flukonazoli, dawa ya fangasi, huelekea upande wa pili, hupandisha methadoni.

Zote hizo zitolewe dirisha moja, saa moja. Anayekuja kila siku kwa methadoni hatakosa ARV zake.

## Hatua ya 9: Kutoka

Katika utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani hatari ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wa kawaida. Sababu ni ileile ya hatua ya 2: mwili umesahau, mtu anakumbuka kiasi chake cha zamani. Jimbo lingine la Marekani, Rhode Island, lilipoanza 2016 kutoa tiba hii ndani ya magereza yake yote na kuiunganisha na kliniki za nje, vifo vya namna hiyo miongoni mwa waliotoka karibuni vilishuka kutoka 26 nusu ya kwanza ya 2016 hadi 9 nusu ya kwanza ya 2017. Kuunganisha huko ndiko kunakowezekana hata pasipo fedha nyingi.

Ukikutana na anayesema gereza si hospitali, mwonyeshe Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, kanuni ya 24. Mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kilekile cha uraiani, na matibabu ya VVU, TB na utegemezi wa dawa za kulevya yaendelee bila kukatika.

Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kutoka, fanya haya:

1. Piga simu kliniki, wamfungulie nafasi na wajue dozi yake.
2. Muulize atalala wapi usiku wa kwanza. Kama jibu ni maskani, tafuta nyumba ya upataji nafuu au ndugu mwingine kabla siku haijafika.
3. Kama anatokea Muheza, Korogwe au Pangani, hesabuni nauli ya kila siku hadi Bombo. Mpango usio na nauli utakatika siku ya tatu.
4. Mfundishe ndugu atakayempokea mkoromo ule wa hatari na jinsi ya kumlaza ubavu.
5. Asubuhi ya kutoka anyweshwe kwanza, ndipo akabidhiwe nguo zake na barua.

Ijumaa ndiyo siku mbaya ya kutoka. Mwelimishaji rika awe getini mwenyewe, apande naye daladala, na kesho yake asubuhi wakutane dirishani. Asipoonekana ikifika saa 4, aanze kumtafuta siku hiyohiyo. Akipatikana siku ya pili bado dozi yake ni ileile, ya tatu imeshakuwa nusu.